Amepona, Lakini Darasani Je?



Hapa Endarasha tunajua namna ya kushughulikia mtoto mgonjwa. Akizidiwa usiku, jirani mwenye gari hugongewa mlango. Akilazwa Nyeri, kikundi huchanga pesa, na mama mwingine huwakamulia ng'ombe na kuwapikia watoto waliobaki nyumbani. Siku akirudi tunaenda kumtazama, unga na sukari mkononi, na tunasema, "Mungu ni mwema, mtoto amepona." Baada ya hapo kila mtu anarudi kwa shamba lake.

Katika makala haya tungependa kuzungumza juu ya yale yanayokuja baadaye. Mtoto anarudi shuleni. Anatembea, anacheka, anakula vizuri. Lakini muhula ukiisha ripoti inasema ameshuka. Muhula wa pili ameshuka zaidi. Mwalimu anasema ni mvivu. Baba anasema alidekezwa huko hospitali. Mtoto mwenyewe hajui la kusema, kwa sababu hata yeye haelewi kwa nini kazi aliyokuwa akiifanya bila shida sasa inamshinda. Mwisho wake anachukia shule, na wengine huacha kabisa.

Jambo tunalotaka kila mzazi na mwalimu alijue ni hili: ugonjwa mkali unaweza kuacha alama ambayo nyumbani haionekani, lakini darasani inaonekana. Ikigunduliwa mapema, mtoto anasaidika. Isipogunduliwa, anaadhibiwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

UGONJWA MKALI NI UPI?

Tukisema ugonjwa mkali tuna maana ya ule uliomfikisha mtoto karibu na kifo. Alipoteza fahamu, au alishikwa na degedege mara nyingi, au aliwekewa oksijeni, au aliongezewa damu, au alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Huku kwetu juu, kati ya Nyandarua na Mlima Kenya, kuna baridi kali na moshi wa jikoni, na nimonia inawasumbua sana watoto wadogo. Homa ya uti wa mgongo haiji kila siku, lakini ikija huja kwa kishindo. Malaria si ugonjwa wa hapa kwetu. Hata hivyo mtoto wa milimani akienda likizo kwa jamaa huko Pwani au Kisumu, mwili wake haujaizoea, na anaweza kuugua vibaya sana. Tena wako watoto waliomwagikiwa na uji au maji ya moto, wakalala wodini wiki nyingi.

Ubongo wa mtoto unahitaji oksijeni na sukari kila dakika. Katika nimonia kali, oksijeni hupungua katika damu. Katika malaria kali, sukari hushuka na mishipa midogo ya ubongo huziba. Katika homa ya uti wa mgongo, utando unaofunika ubongo huvimba. Na degedege ikichukua muda mrefu, inaweza kuumiza ubongo zaidi.

Ubongo ukiumia kidogo, mtoto hapotezi kutembea wala kuongea. Anapoteza vitu vidogo vidogo ambavyo shule inavitumia kila saa: kukumbuka maagizo kwa mfuatano, kutulia kwa kazi moja, kufanya haraka kama wenzake.

Tuchukue mfano. Nyumbani mama anamwambia mtoto jambo moja moja. "Lete maji." Analeta. "Fungia kuku." Anafungia. Mama haoni shida yoyote. Shuleni mwalimu anasema, "Wekeni vitabu vya Kiswahili, toeni vya hesabu, fungueni ukurasa wa 42, fanyeni swali la kwanza mpaka la tano, mkimaliza mlete madaftari mezani." Wakati wenzake wako swali la pili, yeye bado anatafuta kitabu. Si ati hataki. Alisikia la kwanza na la mwisho, na yale ya katikati yakapotea.

WATAFITI WAMEONA NINI?

Hapa Kenya jambo hili limechunguzwa. Huko Kilifi, watafiti wa KEMRI pamoja na Wellcome Trust waliwapima watoto ambao miaka iliyopita walikuwa wameugua malaria kali ya ubongo, au malaria yenye degedege nzito. Matokeo yalitolewa mwaka 2005. Karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu fulani katika kuelewa, kukumbuka au lugha. Wengi wao walikuwa wametoka hospitali wakionekana wazima.

Kule Kampala, katika hospitali ya Mulago, watoto wa umri wa miaka 5 hadi 12 walifuatwa kwa miaka miwili baada ya malaria ya ubongo. Taarifa ya mwaka 2008 ilisema hali ni kama ya Kilifi: karibu 26 kati ya kila 100 walikuwa na upungufu, wakati kati ya watoto wa mitaa ile ile ambao hawakuugua walikuwa kama 8 kwa kila 100.

Kuhusu homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria, Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtu 1 kati ya 5 wanaopona hubaki na madhara ya muda mrefu. Madhara hayo ni kama kutosikia, kifafa, udhaifu wa viungo, na shida za kujifunza.

Tuyasome maneno haya pande zote mbili. Walio wengi hupona vizuri kabisa, kwa hivyo mzazi asianze kumtazama mtoto wake kama kitu kilichovunjika. Lakini 1 kati ya 4, au 1 kati ya 5, si wachache. Katika darasa lolote lenye watoto kadhaa waliowahi kulazwa mahututi, huenda mmoja wao anapambana peke yake.

Tukumbuke pia mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, na wanafunzi wote hawakurudi mpaka Januari 2021. Darasa zima lilikuwa limebaki nyuma, kwa hivyo walimu walirudia masomo, na hakuna aliyeitwa mjinga. Mtoto aliyelala hospitali miezi miwili amebaki nyuma vile vile, ila yeye yuko peke yake. Darasa halimngoji.

MASIKIO KWANZA

Kama mtoto aliugua homa ya uti wa mgongo, jambo la kwanza ni kupimwa masikio. Ugonjwa huu hupenda kuingia katika sikio la ndani, na kupoteza kusikia ni moja ya madhara yanayoonekana zaidi.

Wazazi wengi husema, "Lakini anasikia! Nikifunga mlango anageuka." Ni kweli anageuka. Mtu anaweza kusikia mlango na mbwa akibweka, na bado asisikie maneno vizuri. Sauti nyembamba kama s, f na t ndizo hupotea mapema. Mwalimu akisema "saa" na "taa", yeye anasikia neno moja. Akiandika imla, anakosa nusu. Kumpigia makofi nyuma ya kichwa si kipimo. Apimwe kwa mashine na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Tena msingoje. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya homa ya uti wa mgongo, na linashauri masikio yapimwe kabla mtoto hajaruhusiwa kwenda nyumbani, au ikikawia sana ndani ya wiki 4. Sababu ya haraka ni kwamba baada ya ugonjwa huu, mfupa unaweza kuota ndani ya sikio, na matibabu mengine yakawa magumu. Na kwa mtoto mdogo ambaye bado hajajifunza kuongea, kila mwezi wa kutosikia ni mwezi wa lugha uliopotea.

Kwa hivyo kabla ya kuondoka wodini, mzazi aulize waziwazi: "Daktari, masikio yake yamepimwa? Kama bado, nimpeleke wapi na lini?" Wengi wetu huogopa kumuuliza daktari maswali. Tusiogope. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, ile ambayo wazee bado wanaiita PGH, au katika hospitali yoyote iliyomlaza mtoto, ni haki yako kuelezwa.

WIKI ZA KWANZA NYUMBANI

Furaha ya kurudi nyumbani isitufanye tusahau kwamba mwili bado ni dhaifu. Uchunguzi mwingine wa Kilifi, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watoto waliotoka hospitali walikuwa katika hatari ya kufa karibu mara 8 kuliko wenzao wa kijijini katika mwaka uliofuata. Ndiyo sababu tunasema haya:

1. Dawa zimalizwe hata kama mtoto anaonekana mzima. Tarehe ya kurudi kliniki ishikwe, hata kama ni siku ya soko.

2. Ale mara nyingi, kidogo kidogo. Uji wenye maziwa, mayai, maharagwe, waru na mboga, yote haya tunayo shambani.

3. Akipata homa tena, akipumua kwa haraka, akikataa kunywa, au akishikwa na degedege, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

4. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali itunzwe pamoja na kijitabu cha kliniki. Muulize muuguzi akueleze kilichoandikwa: ugonjwa gani, alipoteza fahamu siku ngapi, alipata degedege au la, anaendelea na dawa gani. Toa fotokopi moja ya kupeleka shuleni.

5. Asirudishwe shuleni kwa haraka ati kwa sababu mtihani uko karibu. Mtihani mwingine utakuja.

KURUDI SHULENI

Siku ya kurudi, mzazi asimwache mtoto langoni na kwenda. Aingie ofisini aongee na mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa. Maneno si lazima yawe mengi. Anaweza kusema hivi:

"Mwalimu, mtoto wangu alilazwa wiki tatu. Alikuwa na homa ya uti wa mgongo na alipoteza fahamu. Daktari anasema amepona, lakini anaweza kuchoka haraka na kusahau. Nakuomba uniangalilie, na baada ya wiki mbili nitarudi tuongee."

Naye mwalimu anaweza kujibu, "Asante kwa kuniambia, mama. Mimi ningedhani anacheza tu." Mazungumzo hayo ya dakika tano yanaweza kuokoa mwaka mzima wa shule.

Tunajua walimu wetu wana madarasa makubwa. Hatuwaombi miujiza. Lakini yako mambo yasiyohitaji pesa wala muda mwingi:

Mtoto akae mbele, karibu na ubao, na kama sikio moja ni zima, sikio hilo lielekee kwa mwalimu.

Apewe agizo moja, alimalize, kisha lingine. Kazi ya nyumbani iandikwe ubaoni, isitamkwe tu wakati kengele inalia.

Apewe maswali machache. Mtoto akifanya hesabu 5 vizuri ameonyesha kwamba anajua. Hizo 20 zitamchosha bure.

Wiki mbili za kwanza aruhusiwe kwenda nyumbani mchana, au kupumzika mahali pa kivuli. Uchovu huu ni wa kweli na unaweza kuchukua miezi.

Achaguliwe rafiki wa dawati moja wa kumwonyesha ukurasa na kumkumbusha.

Asichekwe. Kama nywele zilinyolewa, au ana makovu, au mkono mmoja umelegea, mwalimu alieleze darasa kabla mtoto hajafika.

DALILI ZA KUANGALIA

Kwa mwaka mzima baada ya ugonjwa, mzazi na mwalimu waangalie mambo haya:

Anauliza "nini?" kila mara, au anatazama midomo ya anayesema.

Anasahau alichojifunza jana ingawa zamani alikuwa akikumbuka.

Kazi yake inaanza vizuri na kuharibika katikati ya ukurasa.

Amekuwa na hasira, au analia kwa mambo madogo, au amenyamaza kupita kiasi.

Anakodoa macho na kuduwaa kwa sekunde kadhaa, haitikii akiitwa, kisha anaendelea kama kwamba hakuna kitu. Hiyo inaweza kuwa kifafa.

Juu ya kifafa tuseme wazi. Kinaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo, kwa sababu ya kovu lililobaki katika ubongo. Si kurogwa, na hakiambukizi. Kuna dawa zake, na zinywewe kila siku. Mtoto akianguka darasani, ondoeni vitu vinavyoweza kumuumiza, mlazeni kwa ubavu, wala msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ikipita dakika tano hajatulia, apelekwe hospitali.

MOYO PIA HUUMIA

Hapa Endarasha hatuhitaji kufundishwa sana juu ya jambo hili. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto ulichoma bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy, na watoto 21 walifariki. Tangu siku hiyo tunajua kwamba mtoto anaweza kutoka na mwili mzima, na bado usingizi ukamkimbia.

Mtoto aliyelazwa mahututi naye ameona mambo. Amefungwa mipira mwilini, amechomwa sindano usiku, labda amemwona mwenzake wa kitanda cha pili akifunikwa shuka. Wakubwa wanasema, "Ni mtoto, atasahau." Mara nyingi hasahau. Anakojoa kitandani ingawa alikuwa ameacha. Anaogopa giza. Anakataa shule, hasa ya bweni, kwa sababu hataki kuwa mbali na mama.

Tumruhusu aongee, au achore, au anyamaze akitaka. Tusimwambie "wewe ni mwanaume, jikaze." Kama hofu haipungui baada ya mwezi mmoja, hospitali za kaunti zina washauri nasaha, na kwenda kwao si alama ya kichaa.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema mwanafunzi asilazimishwe kurudia darasa. Kama mzazi na mwalimu wanaona ni vizuri kurudia kwa sababu mtoto alikosa masomo mengi, wazungumze na mtoto naye asikilizwe. Kurudia kusiwe adhabu ya kuugua.

Kiboko shuleni kilipigwa marufuku mwaka 2001, na sheria ya 2013 inakataza adhabu ya kumuumiza mwanafunzi. Tunajua bado kinatumika mahali pengine. Kwa mtoto ambaye ubongo wake umeumia, fimbo haifundishi lolote. Inaongeza hofu, na hofu inapunguza hata kile kidogo anachokumbuka.

Mtoto akiendelea kushindwa, yako Matathmini ya elimu, vituo ambavyo walimu huviita EARC. Vilianzishwa nchini mwaka 1984. Walimu waliosomea kazi hiyo humpima mtoto na kusema anahitaji nini: miwani, kifaa cha kusikia, muda wa ziada katika mtihani, au shule maalum. Mwalimu mkuu, au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, atakuelekeza. Kwa mtoto asiyesikia kabisa, iko shule ya viziwi ya Tumutumu, upande wa Karatina, si mbali sana nasi. Kumpeleka huko si kumtupa. Mtoto aliyekaa darasani miaka mitatu bila kusikia neno ndiye aliyetupwa.

KINGA

Mengi ya magonjwa haya yanaweza kuzuiwa. Kenya ilianza kutoa chanjo ya Hib mwaka 2001, na chanjo ya nimokokasi mwaka 2011. Zote mbili zinazuia aina kadhaa za nimonia na homa ya uti wa mgongo. Hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama aliyekosa tarehe moja asiogope kukemewa. Arudi kliniki aendelee. Mkisafiri na mtoto kwenda sehemu za malaria, alale ndani ya neti, na akipata homa baada ya kurudi, mwambieni daktari alikuwa wapi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika jirani zetu yuko mtoto aliyelazwa akiwa mahututi katika miaka mitatu iliyopita? Anaendeleaje shuleni? Nani amemuuliza?

2. Kikundi chetu huchanga pesa mtoto akilazwa. Je, tunaweza kubakiza kidogo kwa nauli ya kumrudisha kupimwa masikio?

3. Ni mtoto gani tunayemwita mvivu bila kujua historia ya ugonjwa wake?

4. Nani kati yetu anaweza kumsindikiza mama mwenye woga kwenda kuongea na mwalimu mkuu, Jumatatu hii inayokuja?